Umehamishiwa Dar na watoto wadogo: mkae Kimara, Tegeta, Tabata au Kigamboni?

Barua ya uhamisho huja na tarehe ya kuripoti, nyumba haimo. Kama unatoka Mbeya, Iringa au Dodoma, mahali ambapo mtu anaweza kurudi nyumbani mchana akala na watoto kisha akarudi kazini, swali la "tukae wapi" mara nyingi hujibiwa na ndugu wa kwanza utakayempigia simu. Wa Tegeta atasema njooni huku kuna hewa. Wa Tabata atashangaa unawezaje kwenda kuishi mbali hivyo. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaisema kwa kuangalia kazi yake iko wapi.

Kwa mtu mwenye ajira na watoto, Dar es Salaam huchagui mtaa, unachagua barabara. Jiji hili, ambalo Sensa ya 2022 iliwakuta watu zaidi ya milioni 5.3, limejinyoosha kufuata njia chache zinazotoka mjini: Bagamoyo kwenda kaskazini, Morogoro kwenda magharibi, Nyerere (wazee bado wanaiita Pugu) kupita uwanja wa ndege, Kilwa kwenda kusini, na upande wa mashariki bahari. Ukishalipa kodi kwenye barabara fulani, umekubali foleni yake, mafuriko yake na bomba lake la maji. Kubadili barabara baada ya miezi mitatu ni kubadili shule, dada wa kazi, na kupoteza kodi uliyokwisha kulipa.

Nimechukua pande nne ambazo familia za kipato cha kati huishia kuzijadili. Masaki na Oysterbay nimeziacha: mwajiri akikulipia nyumba huko, huhitaji ushauri wangu. Mbagala na Chanika nimeziacha kwa sababu zinataka mjadala wao wenyewe.

Vipimo

Cha kwanza ni safari, na hapa watu wengi hupima nusu. Wanauliza "asubuhi nitafika saa ngapi?" Wenye watoto wadogo wana swali la pili: shule ikipiga simu saa tano asubuhi kwamba mtoto amepandisha homa, ni nani kati yenu atakayemfikia, na kwa usafiri gani? Chora ramani yenye alama tatu, yaani kazi ya baba, kazi ya mama na shule. Nyumba ikiwa mbali na zote tatu, punguzo la kodi utalilipa kwenye nauli na usingizi.

Cha pili ni maji na mvua. Hivi viwili vinakwenda pamoja kwa namna ya ajabu: unaweza kukosa maji ya bomba wiki ile ile ambayo maji ya mvua yamekuzuia kutoka nje. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Oktoba na Novemba 2022 vuli zilipochelewa, Mto Ruvu ulishuka na jiji likaingia kwenye mgao wa maji.

Cha tatu, shule na malezi. Usiulize ada tu; uliza basi la shule linapita saa ngapi. Mtoto wa chekechea anayechukuliwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kwenye mzunguko anamalizia usingizi wake darasani.

Cha nne, hospitali inayopokea bima ya kazini kwako, na inayofikika usiku.

Cha tano, nyumba na kodi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ukikubaliana laki nne kwa mwezi kwa miezi sita, unatoa 2,400,000, dalali laki nne, jumla 2,800,000 kabla hujalipa lori la mizigo na kabla mtoto hajashonewa sare.

Kimara hadi Mbezi Mwisho

Hoja kuu ya upande huu ni mwendokasi. Tangu Mei 2016 mabasi haya yanatoka Kimara hadi Kivukoni yakiwa na njia yao peke yake, na matawi yanaingia Gerezani, Kariakoo, na Morocco. Magari mengine yakiwa yamesimama Magomeni, wewe unapita. Kazi ni kulipata lenyewe. Asubuhi pale kituo cha Kimara panahitaji mabega, na mama mwenye mtoto mgongoni atayaacha mabasi kadhaa yapite kabla ya kuingia. Anayeishi Mbezi mara nyingi ana hatua ya ziada ya kufika Kimara kwanza, kwa basi mlishi au daladala.

Udhaifu wa pili ni Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hukatika kati ya Magomeni na Fire, na mwendokasi nao husimama hapo. Hii haitokei kila wiki, lakini ikitokea hutokea siku ambayo mvua imezuia kila kitu kingine pia. Mnaofanya kazi mjini mkae mkijua nani ana ndugu Kariakoo au Ilala wa kulala kwake.

Kwa mwenye gari hali ni nafuu kuliko zamani. Makutano ya Ubungo yalipata madaraja yake ya juu, yanayoitwa Kijazi, mwaka 2021, na barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane. Kuna pia barabara za lami za Goba, zinazokutoa Mbezi Mwisho hadi Tangi Bovu au Madale bila kugusa Ubungo. Hizi zimebadilisha hesabu za wengi: mke anafanya kazi Mbezi Beach, mume Kariakoo, na nyumba ya Goba au Makabe inawatosha wote wawili. Na kwa familia yenye bibi na babu mikoani, stendi kuu ya mabasi, Magufuli, iko Mbezi tangu 2021. Bibi anashuka, bajaji moja, yuko nyumbani.

Maji: bomba la mtambo wa Ruvu Juu linapita upande huu. Kimara ilikuwa na sifa mbaya ya kukosa maji. Siku hizi inapumua, ingawa nyumba za mlimani hupata presha usiku tu, kwa hiyo tangi ni lazima. Tatizo linaloonekana zaidi ni vilima. Lami ikiisha inaanza njia ya udongo iliyochimbwa na maji, na masika bajaji inakataa kupanda. Ukionyeshwa nyumba kiangazi, muulize mama anayeuza genge pale kona watu hupitaje Aprili.

Shule binafsi ni nyingi, hasa Mbezi, kwa hiyo si lazima mtoto asafirishwe mbali. Hospitali ya Mloganzila, ambayo ni tawi la Muhimbili, iko Kwembe, na kwa mkazi wa Mbezi hilo ni jambo kubwa: kufuata bingwa si lazima uvuke jiji zima. Nyumba zipo za kila bei. Kadiri unavyoiacha Barabara ya Morogoro kuingia Msakuzi au Mpiji Magohe, kodi inashuka na nauli ya bodaboda inapanda.

Unafaa kwa wanaofanya kazi Posta (katikati ya mji), Kariakoo, Magomeni au Ubungo na hawana gari. Mwenye ofisi Mikocheni au Masaki anaweza kuishi huku kupitia Goba, ila awe na gari au moyo.

Tegeta, Boko na Bunju

Hapa ndipo watu wanapopenda kwa macho. Viwanja vingi vimepimwa, nyumba zina uzio na nafasi ya mtoto kuendesha baiskeli, upepo wa bahari unafika, na kutoka Bunju kwenda Bagamoyo Jumapili ni safari fupi. Ukitoka Dodoma ulikozoea nafasi, moyo utatua.

Safari ndiyo bei yake. Posta ni mbali; Bunju iko mpakani kabisa mwa mkoa, na ukivuka tu kwenda Mapinga umeshaingia Pwani. Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge hadi Tegeta ilipanuliwa kuwa ya njia nne, ikasaidia, kisha magari yakaongezeka yakaijaza. Awamu ya nne ya mwendokasi imepangwa kufika Tegeta. Ujenzi wake wenyewe ni sehemu ya foleni, kwa hiyo kodi yako ya mwaka huu usiipigie hesabu kwa basi la baadaye. Angalia barabara ilivyo siku unayokuja. Daladala zipo nyingi za kwenda Mwenge, Makumbusho na Simu 2000, lakini zinazotoka Bunju hufika Tegeta zikiwa zimejaa na abiria wa Tegeta husimama.

Ila safari hii ni mbaya kwa anayekwenda Posta tu. Kama ofisi iko Mwenge, Mlimani, Kawe, Mikocheni au Mbezi Beach, umeikata kabla haijafika pabaya. Mashirika na ofisi nyingi zimehamia upande huo, na watu wanaendelea kushauriwa kana kwamba kila mtu anafanya kazi mtaa wa Samora, katikati ya mji.

Maji yanatoka Ruvu Chini, mtambo mkubwa kuliko wa Ruvu Juu, na bomba linaingia jijini kwa upande huu. Maeneo ya ndani kuelekea Madale na Mabwepande yalichelewa kuunganishwa, hivyo uliza nyumba kwa nyumba. Mvua nayo ina sehemu zake: Boko Basihaya na mabonde mengine ya tambarare hujaa maji na kukaa nayo kwa siku. Eneo la Wazo kuna kiwanda cha saruji, maana yake malori na, kutegemea upepo, vumbi. Mwenye mtoto wa pumu apite huko mara mbili kabla ya kuamua.

Shule ni nyingi, za binafsi na za serikali, na mtoto anaweza kusoma umbali wa bajaji kutoka nyumbani. Zahanati na hospitali binafsi zipo Tegeta. Rufaa ya serikali ni Mwananyamala, na usiku barabara ikiwa tupu inafikika. Kodi ya Tegeta barabarani si ndogo, ya Bunju ni nafuu zaidi, na nyumba ya kujitegemea unaipata kwa hela ambayo Tabata ingekupa vyumba viwili kwenye uzio mmoja na wapangaji wengine.

Inafaa kwa familia ambayo angalau mzazi mmoja anafanya kazi upande wa kaskazini au nyumbani, na yenye gari. Wazazi wote wawili wakiwa Posta, watoto watalelewa na dada, nanyi mtawaona wakiwa wamelala.

Tabata, Segerea na Kinyerezi

Tabata haina upepo wa bahari wala stendi kuu. Ina ukaribu. Kariakoo, Ilala, Buguruni, viwanda vya Barabara ya Nyerere na uwanja wa ndege vyote viko jirani, na ndiyo maana wafanyakazi wengi wa uwanja wanaishi Segerea na Kinyerezi. Mtoto akiugua saa tano, mzazi wa Kariakoo anaweza kufika kwa bodaboda kabla mwalimu hajampigia simu mara ya pili. Kwa kipimo kile cha dharura, hakuna upande kati ya hii minne unaoishinda Tabata.

Foleni ipo, ila ni ya aina nyingine. Barabara ya Mandela inabeba malori ya makontena yanayotoka bandarini, na malori hayana haraka. Njia za ndani ni nyembamba. Kutoka Kinyerezi kuna lami inayopita Malamba Mawili hadi Mbezi, hivyo hujafungiwa mlango mmoja.

Maji ya bomba yapo kwa zamu sehemu nyingi. Waliojenga zamani wana visima, vingine vya chumvi. Hatari kubwa ni bonde. Msimbazi na vijito vyake vinapita huku, na nyumba za bondeni huwa na bei tamu kwa sababu inayojulikana na kila mtu isipokuwa mgeni. Tazama ukuta wa jirani: mstari wa tope ukiwa usawa wa goti, rudisha funguo. (Kinyerezi ndiko iliko mitambo mikubwa ya umeme wa gesi. Usidhani kwa hilo LUKU yako itapendelewa.)

Shule zipo kila kona, za serikali zikiwa na madarasa yaliyojaa. Hospitali ya Amana iko karibu, Muhimbili haiko mbali. Kinachokosekana ni nafasi: nyumba zimesongamana, watoto wanacheza koridoni au njiani, na baa ni nyingi. Muziki wa Ijumaa usiku hauangalii kama mtoto wako ana miezi minne. Kodi kwa eneo ulilopata ni kubwa kuliko Bunju au Kigamboni, unalipia muda.

Inafaa kwa wazazi wote wawili wenye kazi za kuripoti kwa saa, wenye watoto wa umri wa kuugua ugua, na wale wa zamu za uwanja wa ndege. Kinyerezi ya juu na Segerea ndani ni tulivu kuliko Tabata yenyewe.

Kigamboni

Kwa ramani, Kigamboni ya Ferry ndiyo iliyo karibu na Posta kuliko zote. Unaiona ofisi yako ng'ambo. Ila kuna maji katikati, na kila mwenyeji wa huko anaishi kwa kuyapigia hesabu.

Njia ni mbili. Kivuko cha Magogoni, ambacho nauli yake kwa mtu mzima imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, kinakushusha mjini, unatembea kwa miguu. Shida yake ni kwamba kinategemea vyombo vichache. MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kwa matengenezo mwaka 2023, foleni ilizidi, na boti ndogo za abiria zikaja kuongezwa baadaye. Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa 2016 na kukutoa Kurasini. Lina tozo. Mwaka 2022 tozo zilipunguzwa na kukawekwa utaratibu wa kulipia kwa siku, wiki au mwezi, lakini bado ni mstari kwenye bajeti ambao majirani zako wa Kimara hawana. Fanya hesabu ya mwezi, kwenda na kurudi, kabla ya kufurahia kodi.

Kodi yenyewe inafurahisha. Kibada ina viwanja vilivyopimwa na mitaa iliyonyooka, Mjimwema na Gezaulole wana pwani, na kiasi kile kile cha fedha kinakupa vyumba vitatu na uwanja wa miembe. Kwa miaka kadhaa eneo lilikaa chini ya mpango wa mji mpya na watu wakasita kujenga. Baada ya hapo ujenzi ukakimbia kuliko huduma. Ndiyo maana unaweza kuona ghorofa zuri mwisho wa njia ya mchanga.

Maji ya huku kwa muda mrefu yalikuwa ya visima vya watu binafsi, mengine yana chumvi ya kuua majani ya chai. Mradi wa visima virefu vya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ulizinduliwa 2022 na mtandao umekuwa ukienea; uliza kama mtaa wako umeshafikiwa, kisha onja. Mchanga unanyonya mvua vizuri, ingawa njia za chini hutuama.

Shule zipo za kutosha kwa chekechea na msingi. Hospitali ya Vijibweni inashughulikia mengi, lakini rufaa ni kuvuka, kwenda Temeke au Muhimbili. Mama anayekaribia kujifungua aliweke hilo mbele. Usiku wa manane daraja ndilo la kutegemea, maana yake gari au dereva unayemwamini.

Inafaa sana kwa mtu mmoja ambaye washauri humsahau: anayefanya kazi bandarini, Kurasini au Temeke. Huyo daraja linamshusha mlangoni. Inawafaa pia wanaopanga kujenga karibuni, kwani kuishi mahali kwanza kabla ya kununua kiwanja huonyesha mengi ambayo dalali hasemi.

Kabla hujatoa hela

Atangulie mzazi mmoja. Mwaka wa shule unaanza Januari. Kama barua inaruhusu, watoto wamalize muhula walipo, ninyi mtumie wiki hizo kulala kwa ndugu na kuisafiri barabara yenyewe siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi kwenda na saa kumi na moja jioni kurudi. Jumamosi haihesabiki, Jumamosi kila nyumba ya Dar iko karibu.

Ombeni miezi mitatu ya kwanza hata kama bei itapanda kidogo. Hakikisha mita ya LUKU ni yako peke yako, tangi lina ujazo wa kutosha siku za mgao, na mkataba unapita serikali ya mtaa, maana ndiko utakakorudi mkikorofishana. Na kama uko Barabara ya Morogoro ukifikiria kununua, kumbuka bomoabomoa ya 2017 kutoka Kimara hadi Kiluvya: nenda ukaulize mpaka wa hifadhi ya barabara kabla ya kuuliza bei.

Kwa hali yako

Wazazi wote mna kazi mjini, hamna gari, mtoto yuko chini ya miaka mitatu: anzeni kutafuta Tabata na Segerea, kisha Kimara karibu na kituo. Kubalini nyumba ndogo kwa miaka hii miwili.

Mmoja yuko Mwenge, Mikocheni au Mbezi Beach, na gari lipo: Tegeta, Salasala au Goba. Msivuke Boko bila sababu.

Mzazi mmoja anafanya kazi nyumbani au biashara mtandaoni, mwingine anakwenda mjini: Bunju na Kigamboni zinafunguka, kwa sababu swali la saa tano asubuhi limeshajibiwa.

Mtoto ana ugonjwa wa kufuatiliwa kliniki kila mwezi: fuata kliniki, si kodi. Ikiwa ni Muhimbili, Tabata au mstari wa mwendokasi. Ikiwa Mloganzila, Mbezi.

Mkataba wa kazi ni wa mwaka mmoja na huenda mkahamishwa tena: msinunue makochi makubwa. Pangeni karibu na kazi ya yule mwenye ratiba ngumu zaidi, hata kama ndiye mwenye mshahara mdogo, na mwambieni mwenye nyumba mapema kwamba hamtafika miezi kumi na miwili.